Klachi ya bagi ya nitro: kuifunga, kuirekebisha na kuitunza

Maswali kuhusu klachi ya bagi ya nitro, lile gari dogo la mashindano linaloongozwa kwa rimoti na kutumia mafuta ya nitro, ni yaleyale. Gari linatembea lenyewe kabla sijagusa mafuta, nifanye nini? Beringi za klachi zimekufa tena na nilizinunua juzi, shida ni nini? Niweke springi gani? Nimeona afadhali majibu yote yakae mahali pamoja, kwa mpangilio ambao anayeanza anaweza kuufuata akiwa na gari mezani.

Mwongozo huu unahusu bagi ya mashindano ya kipimo cha 1/8, ile ya njia ya vumbi na miruko, yenye injini ya cc 3.5 na klachi ya shuu tatu, yaani vipande vitatu vinavyotanuka na kushika. Ukiwa na klachi ya shuu nne, hatua ni zilezile, ila shuu zako hukaa tofauti kidogo kwenye flaiwili, lile gurudumu la kwenye shafti ya injini. Magari ya lami yenye klachi ya Centax nimeyaacha nje makusudi. Klachi ile hurekebishwa kwa nati inayobana springi moja kubwa, na vipimo vyake ni somo lingine.

Neno moja kabla ya kushika bisibisi: klachi nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. Sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, imepandishwa mno, au beli, kikombe kinachofunika shuu, imefungwa bila nafasi ya kupumua. Anayekimbilia kubadili springi kabla ya kukagua mambo hayo mawili huzunguka palepale msimu mzima.

Inavyofanya kazi

Ni klachi ileile ya skuta na ya msumeno wa mnyororo. Flaiwili imefungwa kwenye shafti ya injini na imebeba shuu tatu. Injini ikiwa kwenye sailensa, springi huzivuta shuu ndani. Ukivuta mafuta, mizunguko hupanda, shuu hutupwa nje na kubana ukuta wa ndani wa beli, ambayo ni kikombe cha chuma chenye meno ya gia. Beli huzungusha gia kubwa ya katikati, na gari huondoka. Nguvu inayotupa shuu nje hukua haraka kuliko mizunguko yenyewe: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana tofauti ndogo ya springi husikika wazi uwanjani.

Kumbuka pia kwamba beli inakaa juu ya beringi. Gari likisimama na injini ikiunguruma, shafti inazunguka ndani ya beli iliyotulia. Beringi zikigoma hapo, beli itaburutwa na shafti, shuu ziwe zimegusa au hazijagusa. Hili litaturudia mbele.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi za heksi za mm 2, 2.5 na 3, za chuma kigumu. Bisibisi laini hula vichwa vya skrubu na kukuachia kazi ya kutoboa.
- Spana ya plagi na spana ya nati ya flaiwili.
- Kishikio cha flaiwili, na kivutio cha kuitolea.
- Kipimo cha kalipa.
- Shimu, yaani washa nyembamba za kupangia nafasi, za 5x7 mm zenye unene wa mm 0.1, 0.2 na 0.3. Nunua pakiti nzima, ni vitu vya kupotea.
- Shuu seti moja, springi seti moja, na beringi za beli jozi mbili. Beli nyingi za bagi huvaa beringi mbili za 5x10x4 mm. Duka lolote la beringi huzijua kwa namba MR105, kwa hiyo huhitaji kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Pima zako kwanza, maana ziko beli zenye kipimo kingine. Zenye vifuniko vya chuma huvumilia joto la klachi kuliko zenye vifuniko vya mpira.
- Gundi ya skrubu ya buluu. Nyekundu usiilete karibu na gari hili, utakuja kuichoma moto ili ufungue.
- Dawa ya kusafishia breki au spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi, na msasa laini.
- Miwani ya kukinga macho. Springi ya klachi ikichomoka huruka kwa kasi.

Injini iwe imepoa na tangi liwe tupu. Mafuta ya nitro yana methanoli: ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Usifanye kazi hii karibu na jiko wala sigara.

Kufunga klachi, hatua kwa hatua

1. Toa injini kwenye gari na uchomoe plagi. Bila plagi hakuna mgandamizo, na shafti itazunguka kwa vidole.

2. Fungua skrubu ya mbele ya beli, toa beli, kisha toa shuu na springi. Panga kila shimu mezani kwa mpangilio uliotoka, au piga picha kwa simu. Shimu iliyokuwa nyuma ya beli ikienda mbele, hesabu yote imebadilika.

3. Shika flaiwili kwa kishikio chake na ufungue nati. Usizuie shafti kwa kuchomeka bisibisi kwenye tundu la ekzosi ili pistoni igome. Nimeona injini nzuri zikiharibiwa hivyo. Mkwaruzo mmoja kwenye silinda au kwenye ukingo wa pistoni, na mgandamizo hautarudi tena. Ikiwa flaiwili imegoma, tumia kivutio, usiipige nyundo.

4. Safisha shafti, koni ya shaba inayokaa kati ya shafti na flaiwili, na tundu la flaiwili kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Sehemu hizi hushikana kwa msuguano tu. Tone la mafuta hapo lina maana kwamba flaiwili itateleza juu ya shafti, nawe utadhani klachi ndiyo inayoteleza. Hapa pakauke kabisa, bila grisi na bila gundi.

5. Rudisha koni, flaiwili na nati, na ukaze kwa nguvu kweli. Kagua pini tatu za flaiwili: ziwe zimesimama wima na hazichezi. Pini iliyopinda hula shuu upande mmoja.

6. Angalia shuu zielekee wapi. Injini hizi, ukizitazama kutoka upande wa flaiwili, huzunguka kinyume cha saa. Kila shuu ina upande ulioshikwa na pini na ncha iliyo huru. Ncha huru ikifuata nyuma ya pini, klachi hushika kwa ulaini. Ikitangulia mbele ya pini, msuguano huivuta shuu izidi kujibana, na klachi huuma kwa kishindo. Fuata kitabu cha gari lako. Kama huna, anza na ncha huru nyuma.

7. Funga shuu na springi zake, hatua inayowatoa jasho wengi. Vaa miwani. Ingiza koili ya springi kwenye kitako cha shuu, mguu mmoja ukae kwenye mfereji wake. Telezesha shuu pamoja na springi kwenye pini, mguu wa pili ukiwa umelala juu ya nati ya flaiwili. Kisha, kwa bisibisi nyembamba bapa, sukuma mguu huo utumbukie ubavuni mwa nati huku kidole gumba cha mkono wa pili kikiikandamiza shuu. Ukisikia "tik", imekaa. Zikiisha zote tatu, vuta kila shuu nje kwa ukucha na uiachie. Irudi yenyewe, upesi, bila kusitasita. Inayorudi polepole imekwama kwenye pini au springi yake haijakaa.

8. Andaa beli. Ikiwa ni ya zamani, pitisha msasa ndani kwa mikwaruzo inayokatana, ili kutoa ule ung'avu wa kioo, kisha ioshe kwa spiriti kabla ya kuingiza beringi. Beringi usizioshe kwa dawa ya breki, huondoa grisi yake. Nazo usizijaze grisi nyingi, kwa kuwa itarushwa kwenye shuu.

9. Panga nafasi ya beli. Usiifanye hatua hii kwa haraka. Weka shimu moja ya 0.2 nyuma, vaa beli, weka washa ya mbele na ukaze skrubu bila gundi. Sasa jiulize mambo matatu.

Je, beli inazunguka huru bila kugusa flaiwili wala kukwaruza shuu? Ikigusa, ongeza shimu nyuma.

Je, shuu zote zimeingia ndani ya beli kwa upana wake wote? Ukizidisha shimu nyuma, beli husogea mbele na shuu hushika kwa ukingo tu. Klachi ya namna hiyo huteleza, huwaka moto, na kuchimba mfereji ndani ya beli.

Je, beli inacheza kidogo mbele na nyuma skrubu ikiwa imekazwa hasa? Tunataka kati ya mm 0.1 na 0.3. Ikiwa haichezi hata kidogo, washa inabana beringi. Punguza shimu. Beli iliyobanwa hivi huzunguka vizuri ikiwa baridi, nawe ukaridhika, lakini chuma kikipata joto hutanuka na beringi hufa ndani ya matangi machache. Kati ya beringi zote zinazoletwa na malalamiko kwamba "ni feki", nyingi ziliuawa hapa. Beli ikicheza zaidi ya nusu milimita, ongeza shimu upande unaohitaji.

10. Ukiridhika, toa skrubu, safisha nyuzi zake na za ndani ya shafti kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya buluu kwenye skrubu na ukaze. Tone moja tu. Gundi ikichuruzika kwenye beringi, umeanza upya.

11. Rudisha injini kwenye gari na upange mkutano wa meno ya beli na gia kubwa. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uupitishe kati ya gia mbili, sukuma injini mpaka zibane karatasi, kaza skrubu za vishikio vya injini, kisha zungusha karatasi itoke. Itoke imekunjwakunjwa bila kuchanika. Halafu shika gia kubwa na uitikise: uhisi mchezo mdogo sana kabla beli haijafuata. Fanya hivyo sehemu nne za mzunguko wa gia kubwa, kwa maana gia nyingi si duara kamili. Mahali pabanapo zaidi ndipo pa kupangia. Gia zikibana, beringi zinaumia. Zikilegea, meno yananyolewa.

12. Skrubu za injini zinazotoka chini ya chasisi nazo ziwekwe gundi ya buluu. Injini ikisogea nusu milimita katikati ya fainali, kazi yote ya hatua ya 11 imepotea.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: usiwashe injini kamwe beli ikiwa haipo. Hakutakuwa na ukuta wa kuzizuia shuu. Na usivute mafuta yote gari likiwa limeinuliwa matairi hewani. Injini hizi hupita mizunguko 30,000 kwa dakika, na bila mzigo zinaweza kujivunja.

Tangi la kwanza

Shuu mpya bado hazijalingana na ukuta wa beli. Endesha tangi la kwanza kwa ulaini: ondoka polepole, usizidi nusu ya mafuta, na usishike breki huku injini inavuma. Sailensa iwe ya chini kadiri injini inavyokubali bila kuzima. Baada ya tangi hilo acha vitu vipoe, fungua beli na uangalie shuu. Alama ya mgusano iwe imeenea sehemu kubwa ya uso. Ikiwa imekaa ukingoni peke yake, rudi hatua ya 9.

Kuchagua springi na shuu

Springi hutambuliwa kwa unene wa waya wake. Za mm 0.9 ni laini na huruhusu klachi ishike mapema. Za 1.0 ndizo za kuanzia. Za 1.1 huchelewesha ushikaji, injini ikapanda kwanza, kisha gari likaruka mbele kwa nguvu.

Uwanja ukiwa na vumbi jepesi linaloteleza, kushika mapema husaidia gari liondoke bila kuchimba. Ardhi ikishika vizuri na miruko ikija mara tu baada ya kona, utahitaji ule mshtuko wa springi ngumu. Ila springi ngumu zina gharama yake: shuu huteleza muda mrefu kabla ya kushika, na joto hupanda. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kukaa na 1.0 mpaka uweze kupiga mizunguko ya uwanja inayofanana. Badili seti nzima kwa pamoja. Kuchanganya springi zilizochoka na mpya hufanya shuu moja itangulie na kuliwa peke yake.

Kuhusu shuu, za alumini huuma kwa nguvu na huila beli haraka zaidi. Za kaboni hushika kwa ulaini, ni nyepesi, na huisha mapema. Ninapenda za alumini kwa mtu anayejifunza, kwa sababu kosa lake lolote linaonekana wazi kwenye uso wa shuu.

Matunzo

Kila baada ya siku ya mashindano, toa injini na ufungue beli. Kazi haizidi nusu saa ukishazoea. Zungusha kila beringi kwa kidole: ukihisi mchanga, kukwaruza au kukwama, itupe. Kwenye ardhi nyekundu yenye vumbi la unga, usitegemee beringi kudumu kama wanavyosimulia wanaokimbiza kwenye zulia au udongo uliomwagiwa maji. Tangi la bagi ni cc 125 na hudumu dakika nane hadi kumi hivi, ilhali fainali inaweza kufika dakika 45 au saa nzima. Beringi iliyoanza kulalamika kwenye mchujo haitamaliza fainali. Badilisha kabla, lakini mpya ipige walau mchujo mmoja kwanza ili ujue umeifunga sawa.

Shuu zibadilishwe kabla springi hazijaanza kukaribia ukuta wa beli. Usisubiri kusikia chuma kikisaga chuma. Beli itazame rangi: buluu au zambarau ni ishara ya joto kali, maana yake kitu kinateleza au kinaburuta. Ikiwa na mfereji unaoshika ukucha, au meno yaliyochongoka, ibadilishe, na uikague gia kubwa pia. Beli mpya kwenye gia iliyoliwa huliwa upesi.

Dalili na tiba

*Gari linatembea lenyewe injini ikiwa kwenye sailensa.* Teremsha sailensa kwanza. Tundu la kabureta, mafuta yakiwa yameachiwa, liwe wazi chini kidogo ya milimita moja. Gari likiendelea kutembea, zima injini na uzungushe beli kwa mkono: ikigoma, ni beringi. Ikizunguka huru, fungua utazame springi iliyokatika. Kukaza breki ili kulishikilia gari ni kuficha ugonjwa, na klachi itaungua.

*Injini inazima kila unaposimama.* Mara nyingi ni beringi za beli zilizoganda, au meno yaliyobanwa mno. Anza hapo kabla ya kugusa sindano za kabureta.

*Injini inapiga kelele lakini gari halina mwendo.* Shuu zina mafuta, zimeng'aa, au zimekwisha. Ukikuta mafuta, jua yanatoka wapi. Beringi ya mbele ya injini ikivuja, kuosha shuu hakutakusaidia zaidi ya tangi moja. Shuu zilizong'aa zipitishe msasa. Kama zote ni nzima, chora mstari mmoja kwa kalamu ya maka kuanzia nati hadi kwenye flaiwili, endesha kidogo, kisha tazama. Mstari ukiachana, flaiwili inateleza au nati imelegea: rudi hatua ya 4.

*Gari linaondoka kwa uzito, injini inakabwa.* Klachi inashika mapema kuliko nguvu ya injini. Hakikisha sindano ya chini ya kabureta, ile ya mwendo mdogo, haijajaza mafuta mno. Ikiwa iko sawa, panda springi moja, kutoka 0.9 kwenda 1.0.

*Klachi ni nzuri asubuhi, mbovu ikipata joto.* Karibu kila mara ni nafasi ya beli. Pima tena ule mchezo wa mbele na nyuma wakati chuma bado kina joto la kuweza kushikika.

*Shuu moja inaliwa zaidi.* Springi yake imechoka au imekatika, pini yake imepinda, au imefungwa kuelekea upande usio wake.

*Springi zinakatika mfululizo.* Mguu haukukaa ubavuni mwa nati, au shuu zimeachwa hadi springi zikaanza kusuguana na beli. Zitafute vipande vyote kabla ya kufunga. Kipande kilichobaki ndani ya beli kitavunja springi mpya kabla tangi halijaisha.